Umeambiwa una DCIS: mwongozo kamili wa kuchagua kati ya kukatwa kipande, kupigwa mionzi na kutolewa titi zima

Majibu ya baiopsi (kipimo cha kinyama kilichotolewa titini) yakishatoka na daktari akasema "ni kansa ila iko hatua ya 0", wengi wanabaki na neno moja tu kichwani, kansa, hayo mengine yote yanaingia sikio hili yanatokea lile. Sa kabla hujasaini karatasi yoyote shika jambo moja ambalo ndo msingi wa maelezo yote yanayofuata hapa: kwa DCIS, yaani hiyo kansa ya hatua ya 0 iliyo bado ndani ya mirija ya titi, tiba utakayochagua inabadilisha sana uwezekano wa ugonjwa kurudi kwenye titi lile lile, lakini uwezekano wa kufa kwa kansa ya titi unabaki karibu sawa, ukikatwa kipande tu, ukiongeza mionzi au ukitoa titi lote. Kwa hiyo swali lako kubwa ni kiasi gani cha hatari ya kurudi unaweza kuishi nacho, na uko tayari kulipa nini mwilini mwako ili kuipunguza. Hilo daktari hawezi kukujibia peke yake.

DCIS ni nini hasa? Titi lina mirija inayopitisha maziwa kwenda kwenye chuchu. Seli zilizo ndani ya mrija zimegeuka kuwa za kansa, zimejaa humo ndani, ila hazijatoboa ukuta wa mrija kutoka nje, ni kama bomba lililoziba uchafu lakini halijapasuka. Na kwa vile hazijatoboa, hazijafika kwenye mishipa ya damu wala tezi za kwapani, kwa hiyo DCIS yenyewe haisambai kwenda mapafuni au kwenye mifupa. Ndo maana chemo haitumiki kwa DCIS, na mtu akikuambia uanze chemo kwa DCIS peke yake muulize vizuri ameona nini cha ziada kwenye ripoti. Tatizo ni kwamba baadhi ya hizi DCIS zikiachwa zitatoboa ukuta miaka ijayo, zingine zitakaa hivo hivo mpaka uzeeni bila kukudhuru, na sayansi mpaka leo haina kipimo cha kutenganisha hizi na zile kwa uhakika. Kwa hiyo zinatibiwa karibu zote.

1. Usikubali kukimbizwa

Hii sio dharura. Mara nyingi DCIS inaonekana kwenye mammogramu (eksirei ya titi) kama vichembe vidogo vyeupe vya kalsiamu, mwenyewe hujashika uvimbe wala husikii maumivu, na imekuwepo humo muda mrefu tu kabla haijaonekana. Wiki mbili tatu nne za kusoma, kuuliza na kutafuta daktari wa pili hazikuharibii kitu. Ninachokiona mara kwa mara ni mtu anapewa majibu jumatatu, alhamisi yuko mezani, halafu miezi mitatu baadae ndo anaanza kuuliza kumbe kulikuwa na njia nyingine. Wiki chache ruksa, mwaka mzima wa kujificha nyumbani usimwambie mtu, hapana.

2. Idai ripoti ya patholojia na uisome

Usitosheke na maelezo ya mdomo, omba nakala ya karatasi yenyewe ya maabara iliyochunguza nyama yako maana kila kitu kinachofuata kinategemea yaliyoandikwa humo. Tafuta haya:

- Greidi, 1, 2 au 3. Greidi 1 seli zinakaribia kufanana na za kawaida na zinakwenda taratibu, greidi 3 zimeharibika sana na ndo zenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kurudi haraka. Usichanganye greidi na hatua, DCIS yote ni hatua ya 0 hata ikiwa greidi 3.
- Ukubwa kwa milimita. Huu wa baiopsi na picha ni makadirio, ukubwa wenyewe utajulikana baada ya kukatwa.
- Nekrosisi, yaani seli zilizokufa katikati ya mrija. Ikiwepo, hasa ile inayoitwa komedo, inaongeza hatari.
- Vipokezi vya homoni, ER (vya estrojeni) na PR (vya projesteroni). Hivi havina kazi sana kwenye kuamua kisu au mionzi, vinaamua kama vidonge vya kuzuia homoni vitakusaidia.
- Kama kuna neno lolote la seli kupenya nje ya mrija, hata kwa milimita moja. Likiwepo hilo uko kwenye mazungumzo mengine na mwongozo huu haukutoshi.

Ukikuta imeandikwa LCIS badala ya DCIS, tulia uulize upya. Hiyo ni hali nyingine inayotokea kwenye vitezi vya kutengeneza maziwa, inahesabiwa kama dalili ya hatari ya baadae, mara nyingi inafuatiliwa tu na haipigwi mionzi. Kuna watu wamehangaika bure kwa kuchanganya herufi hizi.

Jambo lingine watu hawalifanyi: kuomba daktari mwingine wa patholojia aangalie upya vile vioo vyenye nyama ya baiopsi yako. Mwaka 2015 ulitoka utafiti Marekani ambapo madaktari 115 wa patholojia walipewa sampuli za matiti, kwenye kansa iliyokwisha kupenya walikubaliana na jopo la wabobezi kwa 96%, kwenye DCIS 84%, na kwenye seli zenye mashaka ambazo bado sio kansa 48% tu. Yaani mpaka kati ya "seli zenye mashaka" na "DCIS greidi 1" ni mwembamba kweli kweli, na upande mmoja wa mpaka unafuatiliwa wakati upande wa pili unapigwa mionzi. Vioo vya baiopsi vinatunzwa na vinaweza kutumwa kwingine, ni haki yako kuomba, na daktari mzuri hakasiriki.

3. Angalia kama kuna mlango uliofungwa tayari

Kabla hujapoteza usingizi ukilinganisha njia tatu, hakikisha zote tatu ziko wazi kwako. Mionzi haipigwi kwa mjamzito. Haifai kirahisi kwa mtu aliyewahi kupigwa mionzi kifuani zamani, tuseme kwa sababu ya kansa ya tezi za limfu (limfoma) ujanani. Wenye skleroderma (ugonjwa wa ngozi kukakamaa), au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) iliyochachamaa, ngozi na nyama zao zinaweza kuumia vibaya. Wenye hitilafu ya jeni ya TP53 wanashauriwa kuikwepa kabisa kwa sababu mionzi yenyewe inaweza kuwaletea kansa nyingine. Na kama bega lako halinyanyuki mkono ukapita juu ya kichwa, sema mapema ili upate mazoezi kabla.

Upande wa kisu: DCIS ikiwa imetapakaa sehemu mbalimbali za titi, au ni kubwa kuliko titi linavoweza kuvumilia kukatwa likabaki na umbo, au umekatwa mara mbili na kingo za kipande kilichotolewa bado chafu, yaani bado zina seli za ugonjwa, hapo njia inayobaki kwa kawaida ni kutoa titi zima. Na kama ukoo wenu una kansa nyingi za titi au ovari, hasa za umri mdogo, omba kipimo cha BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na hitilafu zinaongeza sana hatari ya kansa hizo, kabla ya oparesheni, sio baada, maana majibu yake yanaweza kugeuza uamuzi wote.

4. Kukatwa kipande

Hii wengine wanaita lampektomi. Daktari anatoa sehemu yenye ugonjwa pamoja na ukanda wa nyama nzima kuizunguka, titi linabaki. Kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ngoja nielezee asubuhi yenyewe maana hakuna anayekuandaa kwa hilo. Kwa vile DCIS mara nyingi haishikiki kwa mkono, daktari wa upasuaji hawezi kuipapasa akajua akate wapi. Kwa hiyo kabla ya oparesheni unapelekwa chumba cha picha, titi linabanwa tena kwenye mashine ya mammogramu, unachomwa ganzi, alafu sindano nyembamba inaingizwa mpaka kwenye vile vichembe na kupitia humo unaachwa waya mwembamba kama unywele mnene wenye kindoano kwenye ncha, mwisho wake mwingine umechomoza nje ya ngozi umefunikwa na bandeji. Unakaa nao hivo mpaka zamu yako ifike. Hauumi sana ila unatisha kuuangalia. Sehemu zingine siku hizi wanatumia kijichembe kidogo kinachowekwa siku kadhaa kabla, uliza kama kipo. Ukishalala, kipande kikitolewa kinapelekwa kupigwa eksirei hapo hapo wakati bado uko mezani, kuhakikisha vichembe vyote vya kalsiamu vimo ndani yake.

Baada ya hapo ni kusubiri habari ya kingo. Maabara wanapaka wino nje ya kipande, wanakikata slesi, wanapima umbali kati ya seli za DCIS na wino. Kama utaendelea na mionzi, kiwango kilichokubalika kwenye mwongozo wa vyama vya madaktari wa Marekani wa mwaka 2016 ni milimita 2. Ikiwa chini ya hapo unaweza kurudishwa mezani, na hili halina uhaba, watu kama mmoja kati ya watano au zaidi wanakatwa mara ya pili, kwa hiyo likikukuta usidhani daktari amekosea au ugonjwa umekua, DCIS inatambaa ndani ya mirija isipoonekana kwenye picha, ndo tabia yake.

Tena jiandae kisaikolojia kwa hili: kwa watu kama mmoja kati ya wanne au watano ambao baiopsi ilisema DCIS tupu, kipande kizima kikichunguzwa kinakutwa na sehemu ndogo iliyokwisha kupenya. Hiyo ndo sababu kubwa ya kutoruka kisu. Tezi za kwapani kwa kawaida haziguswi kwenye lampektomi ya DCIS, mtu akitaka kuzitoa uliza sababu, kwa sababu zikitolewa nyingi mkono unaweza kuvimba maisha yote.

5. Mionzi: inafanya nini na inagharimu nini mwilini

Mionzi inapigwa kwenye titi lililobaki ili kuua seli zilizojificha. Faida yake imepimwa vizuri pengine kuliko kitu kingine chochote kwenye ugonjwa huu. Majaribio manne makubwa yalijumlishwa pamoja mwaka 2010, wanawake 3,729, na baada ya miaka 10 waliokatwa kipande tu ugonjwa uliwarudia kwenye titi lile lile kwa 28.1%, waliokatwa wakapigwa na mionzi 12.9%. Yaani karibu nusu inaondoka. Na ugonjwa ukirudi, karibu nusu ya mara unarudi kama DCIS tena na nusu nyingine unarudi ukiwa umeshapenya, hiyo ya pili ndo inayoogopwa. Lakini vifo vya kansa ya titi kwenye yale makundi mawili havikutofautiana. Soma tena sentensi hiyo, watu wengi wanakataa kuiamini.

Sasa hizo 28 ni za kila aina ya DCIS zikiwa zimechanganywa, na za zama ambazo picha na upasuaji havikuwa kama vya leo. Kwa wale wenye ugonjwa mpole kuna jaribio linaitwa RTOG 9804, lilichukua wanawake 636 wenye greidi 1 au 2, chini ya sentimita 2.5, kingo safi za milimita 3 kwenda juu. Baada ya miaka 15 waliokaa bila mionzi ugonjwa ulirudi kwa 15.1%, waliopigwa 7.1%. Bado ni nusu, ila nusu ya kitu kidogo. Katika watu 100 wa aina hiyo wanaopigwa mionzi, kama 8 wamekingwa na kurudiwa, 85 wasingerudiwa hata wangeiacha, na 7 umewarudia japo wamepigwa. Mi naona hiyo hesabu ya watu 100 ndo namna pekee ya maana ya kuongea habari hizi, maana daktari akisema tu "mionzi inapunguza kwa nusu" kila mtu atasema nipe.

Ukiwa greidi 3 picha inageuka. Kuna utafiti wa ECOG (kikundi cha Marekani cha utafiti wa kansa), E5194, uliofuatilia watu waliokatwa bila mionzi kwa miaka 12: wenye greidi ya chini na ya kati ulirudi kwa 14.4%, wenye greidi ya juu, tena vipande vyao havikuzidi sentimita 1, ulirudi kwa 24.6%. Kipande kidogo kabisa na bado robo ya watu. Greidi 3 usiikatae mionzi kwa haraka.

Kwa vitendo inakwendaje? Kwa kawaida inaanza wiki 4 mpaka 8 baada ya oparesheni, kidonda kikishapona. Kwanza unapigwa skani ya kupanga, unalala chali mkono umenyanyuliwa juu ya kichwa, unachorwa alama au unachanjwa vitone vidogo vya wino kama ncha ya kalamu ambavyo havifutiki, ili kila siku ulale pale pale. Halafu ni kila siku jumatatu mpaka ijumaa. Zamani ilikuwa wiki 5 au zaidi, siku hizi sehemu nyingi wanatoa dozi 15 au 16 kwa wiki tatu na kitu, matokeo ni yale yale na ngozi inaumia kidogo kuliko zamani. Ukiambiwa wiki 5 au 6 uliza kwa nini isiwe 3. Kwenye mashine unakaa kama dakika 10 au 15, sehemu kubwa ni ya kukupanga, mionzi yenyewe ni dakika chache, husikii kitu zaidi ya muungurumo, na hutoki na mionzi mwilini, mtoto unaweza kumbeba ukifika nyumbani.

Titi likiwa la kushoto uliza kuhusu kubana pumzi. Unavuta hewa kwa kina unaishikilia kwa sekunde kama 20 mashine ikifanya kazi, mapafu yakijaa moyo unasogea mbali na njia ya mionzi. Ni kitu rahisi na kina maana kubwa kwa moyo wako wa miaka ijayo, usione aibu kukiulizia. Uliza pia kuhusu dozi ya nyongeza pale palipokatwa. Jaribio la wanawake 1,608 wenye DCIS isiyo ya hatari ndogo, lililochapishwa 2022, lilionyesha baada ya miaka 5 waliopata nyongeza 97.1% hawakurudiwa, waliokosa ni 92.7%. Ila nyongeza hiyo inafanya titi likakamae zaidi, kwa hiyo kwa ugonjwa mpole sana huenda haina haja.

Madhara: uchovu unaokuja taratibu na kuzidi wiki za mwisho, ngozi inawaka na kubabuka hasa chini ya titi na kwapani, kwa ngozi nyeusi inaweka weusi unaochukua miezi kufifia na pengine usiishe wote. Titi linaweza kusinyaa kidogo na kuwa gumu. Ukizaa baadae titi hilo kwa kawaida halitoi maziwa ya maana, la pili litanyonyesha. Mapafu kuvimba, mbavu kuwa dhaifu, kansa nyingine baada ya miaka mingi, hivi vipo lakini ni nadra. Na kikubwa kuliko vyote kwenye mahesabu yako: titi moja kwa kawaida linapigwa mara moja tu maishani. Ukiitumia leo na ugonjwa ukarudi, mara nyingi titi litaondoka. Ukiiweka akiba leo na ugonjwa ukarudi, unaweza bado kukatwa kipande kingine na kupigwa mionzi ukabaki na titi. Wenye DCIS mpole wanalisahau hili.

6. Kutoa titi zima

Hapa ugonjwa unarudi kwa watu 1 au 2 tu katika 100, pale pale kifuani, na kwa kawaida mionzi haihitajiki tena wala mammogramu ya upande huo. Kwa mtu ambaye kila picha ya kufuatilia inamnyima usingizi mwezi mzima hii ni faida ya kweli na asiitwe muoga.

Ila ni oparesheni kubwa. Unalala hospitali usiku mmoja au zaidi, unatoka na mrija wa kutoa majimaji unaoning'inia ubavuni kwa wiki moja au mbili, unapima kila siku maji yametoka mililita ngapi. Ganzi ya kifua inabaki, kwa wengine milele. Wengine wanasikia titi linawasha na halipo. Ukitaka kutengenezewa titi jingine, kwa silikoni au kwa nyama ya tumboni kwako, zungumza na daktari wa upasuaji wa kurekebisha kabla ya siku ya kukatwa hata kama hujaamua, kwa sababu ngozi ya kuacha inapangwa mapema, na hesabu kwamba mara nyingi sio oparesheni moja ni mbili au tatu. Kwenye njia hii tezi ya kwanza ya kwapani inayopokea majimaji ya titi huwa inatolewa na kupimwa siku hiyo hiyo, maana wakija kukuta sehemu iliyopenya baada ya titi kuondoka hawawezi tena kuifuatilia tezi hiyo vizuri.

Kuhusu kutoa na la pili ambalo ni zima: kama huna BRCA au jeni nyingine ya hatari, hakuongezi maisha. Ni uamuzi wako, ila usiufanye wiki ile ya majibu.

7. Sasa ziweke kando kwa kando

Chukua karatasi, chora safu tatu, andika namba ZAKO, sio za jirani. Umri uandike juu kabisa. Mwanamke wa miaka 72 mwenye greidi 1, milimita 8, kingo milimita 6: miaka 15 ya hatari kwake ina uzito tofauti na kwa wa miaka 41, kukatwa kipande bila mionzi ni njia ya heshima kabisa na madaktari wengi watamuunga mkono. Wa miaka 41 mwenye greidi 3 yenye nekrosisi, milimita 22: kipande pamoja na mionzi, au titi zima, kukaa bila mionzi hapo ningemuomba afikirie tena sana. Katikati yao ndo wako wengi, miaka 55, greidi 2, milimita 15, na huko ndo mtu mmoja anasema 15% ni ndogo naiacha, mwenzake anasema 7% bado kubwa toa lote, na wote wawili wako sahihi.

Utaulizwa na ndugu "kwani kutoa lote si ndo salama zaidi?" Salama kwa kurudi, ndiyo. Kwa kuishi, angalia hii: uchambuzi wa mwaka 2015 wa kumbukumbu za wanawake 108,196 wa Marekani wenye DCIS ulikuta vifo vya kansa ya titi ndani ya miaka 20 ni 3.3% kwa jumla, na kwa waliopigwa mionzi ugonjwa ulirudi mara chache zaidi, ila vifo havikupungua. Humo humo waliogunduliwa chini ya miaka 35 ilikuwa 7.8%, na wanawake weusi 7.0%. Kwa hiyo ukiwa kijana sana au mweusi usikubali kuambiwa "hiyo sio kansa hata", dai ufuatiliaji wa karibu na jadili kila njia kwa uzito wake.

Alafu weka na mambo ya maisha kwenye karatasi. Utaweza kufika kwenye mashine kila siku wiki tatu? Kama ipo mbali utalala wapi? Mtu aliyechagua kipande akiwa anajua mionzi inatakiwa, halafu akashindwa kufika, amebaki na nusu ya tiba. Bora kujua hilo kabla ya kisu.

8. Vidonge, kwa ufupi

ER ikiwa chanya unaweza kupewa tamoxifeni kwa miaka 5, au ukiwa umeshakoma hedhi anastrozoli. Vinapunguza kurudi na vinakinga titi la pili pia. Tamoxifeni inaleta joto la ghafla, na mara chache damu kuganda au kansa ya mfuko wa uzazi. Jaribio la Italia lilipima miligramu 5 badala ya 20, kwa miaka 3 tu, na bado ilipunguza kurudi kwa karibu nusu huku madhara yakiwa madogo, kwa hiyo dozi kubwa ikikushinda usiache kimya kimya, uliza hiyo ndogo. Ukitoa matiti yote mawili vidonge havina kazi.

9. Na kusubiri bila kukatwa je?

Ipo, na imeanza kupimwa kwa dhati. Jaribio la COMET la Marekani, majibu yake yalitoka Desemba 2024, liliwachukua wanawake 957 wa miaka 40 na kuendelea wenye greidi 1 au 2 na vipokezi vya homoni chanya, kundi moja likatibiwa kawaida, lingine likafuatiliwa kwa picha kila miezi 6. Miaka 2 baadae kansa iliyopenya ilionekana kwa 5.9% ya waliopangiwa kutibiwa na 4.2% ya waliofuatiliwa. Inatia moyo, ila miaka 2 kwa ugonjwa wa kutambaa ni muda mfupi, na wengi kwenye kundi la kufuatiliwa walikuwa wanameza vidonge. Kwa greidi 3 njia hii haipo. Ukiitaka, ifanye chini ya daktari mwenye ratiba ya picha iliyoandikwa, sio kwa kukacha kliniki.

10. Siku ya kukaa na daktari

Nenda na mtu, na huyo mtu kazi yake iwe kuandika, sio kulia. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Muone daktari wa upasuaji NA daktari wa mionzi kabla ya kuamua, wote wawili, kwa sababu kila mmoja anaijua vizuri zaidi kazi ya mikono yake na ni binadamu kupendelea unachokijua. Wa upasuaji muulize: bila mionzi, katika watu 100 kama mimi, wangapi ugonjwa utawarudia ndani ya miaka 10, na nikipigwa wangapi? Kati ya hao wangapi utarudi umepenya? Titi langu litaonekanaje baada ya hapo, una picha za wengine? Ukikuta kingo chafu mpango ni upi? Wa mionzi muulize: dozi ngapi kwa siku ngapi, moyo wangu utapata kiasi gani, nyongeza ni ya lazima kwangu? Kuna vipimo vya jeni za uvimbe wenyewe kama Oncotype DX ya DCIS na DCISionRT vinavojaribu kukadiria kama mionzi itakusaidia wewe hasa, uliza kama kipo unapotibiwa, ila visikuamulie peke yake.

Akikujibu "tunafanyaga hivi kwa wote", tafuta wa pili.

Ukishamaliza tiba uliyochagua, mammogramu ya kwanza ya titi lililobaki ni kati ya miezi 6 na 12 baada ya mionzi, halafu kila mwaka, na kupimwa kwa mkono kliniki kila miezi 6 mpaka 12 kwa miaka 5 ya mwanzo. Picha zote na ripoti zote ziweke kwenye faili moja nyumbani na nyingine kwenye simu, ukihama hospitali ndo wataziulizia kwanza.